Kemba Pleti: Panga Mguu, Ndai Ishike Kona

Wasee wa Suba, wacha tubonge ukweli. Mse akishadunga koilova, ndai ikashuka fiti, picha zikapanda Insta, anaona kazi imeisha. Bado, manze. Luku iko, lakini ingia kona ya nguvu uone: mbele inasukuma nje, usukani unakataa, na tairi inaliwa bega la nje. Hapo ndio kemba pleti zinaingia, na mi nakushow hiyo ni ganji imetumika poa kuliko spoila yoyote.

Cheki venye inaenda. Impreza, hizi GC8 na GD zimejaa Kanairo, mbele ziko na mguu wa MacPherson. Shoko na springi zimesimama pamoja, juu zimeshikwa kwa bodi na nati tatu, chini zimefungwa na bolti mbili. Ndai ikilala kwa kona, tairi ya nje ndio inabeba mzigo, na mguu aina hiyo hauiinamishi ndani vile inafaa. Ukishusha ndai ndio inazidi. Unapata tairi imesimamia bega moja tu, raba ingine inakaa bure na uliilipia yote. Ukiwa na kemba hasi, yaani juu ya tairi imeinama ndani kiasi, raba inalala kwa lami katikati ya kona, pale pale unapoihitaji.

Kuna mtu atakuambia Suba tayari iko na bolti ya kemba pale chini, so pleti ni za nini? Ni ukweli, bolti iko na inasaidia. Shida ni kwamba ukiizungusha, tairi inasongea shoko, na ukiwa na rimu pana nafasi inaisha mbio. Pleti inakaa juu, mahali pa maunti ya raba, na inavuta kichwa cha mguu wote ndani. Shoko na tairi zinainama pamoja, nafasi kati yao inabaki ilivyokuwa. Tena unaseti kutoka juu, boneti ikiwa wazi, bila kutoa tairi.

Sasa kazi yenyewe. Jeki pekee haitoshi, weka stendi. Chora alama kwa bolti ya kemba na tipeksi kabla hujaigusa. Toa tairi, achilia paipu ya breki na waya ya ABS pale zimeshikwa kwa shoko, usifungue breki yenyewe. Fungua zile bolti mbili za chini, alafu nati tatu za juu mwisho, na mse mwingine awe ameshika mguu ju unaanguka mzima mzima.

Hapa skiza poa, buda. Ile nati kubwa ya katikati, yenye imeshika maunti ya zamani, usiiguse kama springi bado imebana. Kwa koilova, shusha kola mpaka springi icheze na mkono. Kama ni shoko za kampuni, tafuta kibano cha springi. Springi ikiruka inavunja taya ya mtu, na fundi yeyote anaharakisha hapo mnyang'anye spana.

Pleti iko na beringi ya chuma katikati, na spesa zake. Zifuate vile zilikuja kwa boksi, ju ukizichanganya utaskia "tak" kila ukikata usukani. Hakikisha ya kushoto iko kushoto. Shika mti wa shoko na spana ya alen, kaza nati na mkono, malizia na toki renchi kwa kipimo cha aliyetengeneza pleti. Bunduki ya upepo weka kando, inazungusha mti ndani ya shoko na kuua sili.

Kuseti, tulia. Ndai ya kila siku ya Thika Road, digrii 1.5 hasi inatosha kabisa. Ukienda kuchapa mbio saketi ya Whistling Morans, 2.5 hadi 3 inaeleweka. Kushoto na kulia zilingane. Na ujue hivi: ukigusa kemba, tairi zinaacha kuangalia mbele sawa, na hiyo ndio inakula raba haraka kuliko kemba yenyewe. Wasee wengi hulaumu pleti na shida ni alaimenti.

Kingine, beringi ya chuma haina raba ya kumeza kelele. Matuta yote utayaskia ndani ya ndai, na vumbi ya rafu rodi inaimaliza mapema. Kama unabeba mathee na watoi kila siku na saketi hujawahi fikiria, baki na maunti za raba, hakuna aibu.

Ukishadunga, usiishie kuzunguka na maboyz kwanza. Pita alaimenti siku hiyo hiyo, uitishe karatasi ya vipimo, na baada ya wiki moja fungua boneti ukague tena zile nati tatu kila upande.