Indiketa ya Kushoto

Ami mmoja, jirani yangu hapa Ibra, Oman, aliniletea Honda CG125 aliyoachiwa na kaka yake wa Sur. Indiketa za kulia zilipepesa kwa mwendo wake wa kawaida. Za kushoto zilikwenda mbio, na ile ya nyuma ilitoa mwanga mwekundu hafifu, kama kaa lililofunikwa na jivu. Fundi wa kwanza alikuwa amebadilisha flasha, yaani kifaa kinachopepesesha indiketa; wa pili akabadilisha balbu zote nne. "Mwanangu, nimeshatoa riali nane," akaniambia, "na maradhi yako pale pale."

Kwamba upande mbovu ni wa kushoto, sikushangaa. Stendi ya pembeni ya pikipiki iko kushoto. Ukiiegesha penye udongo laini, na kuanzia Badiya kuelekea mchanga wa Wahiba udongo laini ndio mwingi, stendi huzama na pikipiki hulala upande huo. Kinachotangulia kugonga chini ni ncha ya usukani na indiketa. Mwenyewe huiinua, akaona kioo kizima, akaenda zake, kumbe shina la indiketa limeshalegea pale lilipofungwa. Tena huku Oman, tofauti na Unguja na Bara, tunaendesha upande wa kulia. Anayekata kushoto ndiye anayekatiza mbele ya magari yanayomjia, huku mengine yako mgongoni mwake. Indiketa inayoumia zaidi ndiyo hiyo hiyo inayolinda roho yake. Kwenye barabara ya Sur kuja Ibra kupitia Al Kamil, magari yanakuja kwa kasi, na jua la saa saba mchana humeza kila taa dhaifu.

Basi tuufuate umeme. Unatoka chanya ya betri, unapita kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo, flasha, swichi ya usukani, unaingia kwenye balbu. Hapo wengi husimama. Lakini umeme lazima urudi kwenye hasi ya betri, na katika pikipiki nyingi za zamani hurudi kwa kupitia chuma chenyewe: soketi, shina la indiketa, boliti, fremu. Njia hiyo mafundi huiita ethi. Haina rangi wala haionekani kama waya, na kwa hiyo haikaguliwi.

Mwendo ule wa mbio una maelezo yake. Flasha nyingi za kielektroniki huhisi kiasi cha umeme unaopita. Ukipungua, huchukulia kwamba balbu moja imekatika, nazo huharakisha mapigo ili dereva ashtuke. Zile za kale, zenye kipande cha madini kinachopinda kwa joto, hufanya kinyume: umeme mdogo hauzipashi vya kutosha, kwa hiyo taa huwaka moja kwa moja au hupepesa kwa uvivu. Ila flasha ya aina yoyote haijui kwa nini umeme umepungua. Balbu iliyokatika na ethi iliyoliwa na kutu, kwake ni habari moja. Hapo ndipo riali nane za Ami zilipopotea.

Balbu ya kawaida ya indiketa ni ya wati 21 kwa volti 12, maana yake inavuta ampea 1.75, na mbili za upande mmoja zinavuta 3.5. Kutu ikiongeza omu moja tu kwenye njia ambayo balbu zote mbili zinaitegemea, volti zinazopotea hapo ni karibu 2.7. Ungedhani mwanga utapungua kwa robo hivi. Sivyo: mwanga wa balbu ya uzi huporomoka haraka kuliko volti zenyewe, na kwa hasara hiyo haubaki hata nusu.

Kipimo chake ni chepesi. Washa indiketa. Weka multimita kwenye volti 20 za umeme wa betri, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu kwenye gamba la soketi ya balbu. Taa inapowaka, namba isizidi 0.2. Kwa Ami ilizidi hapo mara nyingi. Tulifungua boliti moja nyuma, tukapiga msasa mpaka chuma king'ae, na indiketa ikawa nzima kabla hatujagusa waya hata mmoja.

Pikipiki ile ilikulia Sur, na Sur ina maradhi yake. Hewa ya bahari hubeba chumvi, usiku unyevu hutua juu ya chuma, na pale shaba inapokutana na chuma kutu haichelewi. Ukifungua konekta ukakuta unga wa kijani, umeshafika penye ubovu. Nizwa ni habari nyingine. Kule ni joto na vumbi: ngozi ya waya hukauka na kupasuka, gundi ya tepu huyeyuka ikawa utomvu, na waya hukatikia ndani ya ngozi yake shingoni mwa usukani, mahali unapokunjwa kila siku. Pikipiki ya Nizwa nitaiwashia indiketa kisha nizungushe usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Taa ikikatika njiani, hakuna haja ya kufungua nyuma.

Waya zikiwa zimechoka kweli, zibadilishe, lakini soma rangi kwanza. Kwenye Honda, kushoto ni rangi ya machungwa, kulia ni samawati, waya wa ethi ni kijani. Yamaha hutumia kahawia iliyokoza kushoto, kijani kilichokoza kulia, na nyeusi kwa ethi. Suzuki ndipo watu wanapounguza fyuzi: nyeusi kwake ni indiketa ya kushoto, na ethi ni nyeusi yenye mstari mweupe. Tumia waya wa nyuzi nyingi wa milimita mraba 0.75, bana viungo kwa koleo lake, vivike mpira unaosinyaa kwa moto badala ya tepu, na acha ulegevu shingoni. Kila indiketa ipe waya wake wa ethi mpaka kwenye fremu, isitegemee boliti tena.

Anayetaka taa za LED ajue mambo mawili. Zinavuta umeme mdogo mno, kwa hiyo zinahitaji flasha isiyojali mzigo. Na kama dashibodi ina taa moja tu ya indiketa, taa hiyo imeungwa kati ya kushoto na kulia. Umeme utapenya humo na zote nne zitapepesa pamoja. Iunge upya: kila upande upitie diodi yake, 1N4001 inatosha, kisha mguu wa pili wa taa uende kwenye ethi.

Ami nilimwekea karatasi chini ya kiti, ndani ya mfuko wa plastiki, yenye rangi zote na mahali ethi mpya zilipofungwa, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yangu.