Tanzania Kati ya Kongo na Rwanda: Uchaguzi wa Kiusalama Ukitazamwa Kutoka Kasokola, Katavi

Kasokola ni kata ya Manispaa ya Mpanda, katika mkoa wa Katavi unaotenganishwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Ziwa Tanganyika. Makala haya yanafafanua uchaguzi wa kiusalama wa Tanzania katika mgogoro wa Kongo na Rwanda, na yanajenga hoja kwamba nguvu za kijeshi zisizoambatana na suluhu ya kisiasa huipunguzia nchi nafasi ya kupatanisha.

Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na pia wa SADC. Kongo imo katika jumuiya zote mbili tangu 2022. Rwanda haimo katika SADC. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kuwa Rwanda huwasaidia waasi wa M23, dai ambalo Kigali hulikanusha.

Mwaka 2013, kwa Azimio 2098 la Baraza la Usalama, askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi walilisaidia jeshi la Kongo kuishinda M23. Mwaka huohuo Rais Kikwete aliishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR, na uhusiano wa nchi hizo ukadorora. M23 iliibuka tena mwishoni mwa 2021. Desemba 2023 SADC ilipeleka kikosi chenye askari wa Tanzania, lakini Goma ilitekwa Januari 2025.

Tarehe 8 Februari 2025 Dar es Salaam iliandaa mkutano wa pamoja wa jumuiya hizo mbili, uliotaka mapigano yasitishwe. Mwenyeji wa mkutano alikuwa bado na askari waliopelekwa kuisaidia Kongo. Mwezi uliofuata SADC iliamua kukiondoa kikosi chake.

Kwa Katavi suala hili si la nadharia. Makazi ya Katumba na Mishamo yalianzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, na wengi wao walipewa uraia miongo kadhaa baadaye. Bandari ya Karema nayo inategemea biashara na ng'ambo ya ziwa. Vita vya jirani, basi, huweza kuufikia mkoa huu kwa sura mbili: watu wanaotafuta hifadhi na shehena isiyofika. Upatanishi haujamaliza vita, ila huiwezesha Tanzania kusikilizwa na pande zote mbili.