Ushindi wa Nyumbani, Lakini Nyumbani ni Wapi?

Mwalimu yeyote wa Kiswahili aliyewahi kufundisha Nakuru anajua yanayotokea anapowapa wanafunzi wake insha yenye kichwa "Nyumbani Kwetu". Mtoto aliyezaliwa Bondeni au Kaptembwo, akalelewa huko na kusomea huko, ataandika juu ya mto, ng'ombe na boma la babu yake katika Siaya, Murang'a, Bomet au Vihiga, mahali ambapo pengine amefika mara mbili tu maishani mwake. Ploti yenye vyumba kumi na mfereji mmoja, ambamo ameishi siku zake zote, hataigusa kwa kalamu. Ukimuuliza sababu atakushangaa. Atakuambia kwamba kule ndiko kwetu, na hapa tunaishi tu.

Sisi tunaofundisha isimu hulipenda sana neno hili "nyumbani". Kiambishi "-ni" kinapotiwa mwishoni mwa "nyumba", nomino hiyo huhamia katika ngeli ya mahali, na mlango wa upatanisho wa aina tatu hufunguka. Twaweza kusema nyumbani pale, nyumbani kule na nyumbani mle. "Pa" huonyesha mahali mahususi panapoweza kuoneshwa kwa kidole. "Ku" huonyesha upande fulani, aghalabu wa mbali au usio na mipaka dhahiri. "Mu" huonyesha ndani. Hivyo basi, mwanafunzi wetu wa Kaptembwo hakukosea sarufi hata kidogo. Ameishi katika nyumbani ya "ku" pekee, nyumbani isiyoweza kuoneshwa kwa kidole.

Nimejiuliza mara nyingi ni wapi katika Nakuru ambapo "pa" hurejea. Sokoni hairejei, maana wafanyabiashara huagana kwa kuulizana wataenda nyumbani lini. Kanisani na msikitini hurejea kwa saa moja hivi. Jibu nililolipata ni kwamba hurejea kwenye uwanja wa kandanda, tena si katika mechi kubwa zinazotangazwa redioni, bali katika zile za ligi za chini, wakati timu ya mtaa inapoukaribia mwisho wa msimu huku ikiwania kupandishwa ngazi.

Katika mechi moja ya namna hiyo niliyoishuhudia, hapakuwa na lango la kulipia wala viti. Watazamaji walisimama kandokando ya mstari, mchuuzi wa njugu akipita nyuma yao, na upepo kutoka upande wa Menengai ukiwarushia vumbi machoni. Wenyeji walihitaji alama zote tatu ili wasiachwe na viongozi wa jedwali. Wageni, waliosafiri kutoka mji mwingine wa Bonde la Ufa, ndio waliotangulia kufunga. Wenyeji walisawazisha baada ya mapumziko kwa kichwa kutokana na mpira wa kona, na dakika za mwisho mkwaju wa nje ya eneo la hatari ukatikisa nyavu. Refa alipopuliza kipenga, uwanja mzima ulipiga ukelele mmoja: "Tumeshinda!"

Ndugu msomaji, litazame neno hilo. Waliocheza ni kumi na mmoja, lakini kiambishi "tu-" kiliwabeba wote: mchuuzi, makanga, mwalimu aliyepita njia na mama aliyembeba mtoto mgongoni. Zipo lugha duniani zinazotofautisha "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje. Kiswahili hakina utengano huo. "Tu-" yetu iko wazi kama uwanja usio na ua, na kila anayetaka kuingia huingia. (Kweli, timu hiyo hiyo ingefungwa, wengi wangesema "wamefungwa". Hiyo ni tabia ya mashabiki, si ya sarufi.) Mmoja wa wageni alimuuliza kijana aliyekuwa akiruka kwa furaha, "Kwani nyinyi ni watu wa wapi?" Katika nchi yetu swali hilo huwa na uzito, na wengi hulijibu kwa kutaja kabila au wilaya ya wazazi. Kijana alijibu, "Sisi ni wa hapa hapa."

Jibu hilo lina historia yake. Ligi ya taifa ya kandanda ilipoanzishwa mwaka 1963, mwaka ule ule tuliopata uhuru, bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All-Stars. Mwaka 1964 ubingwa ulikwenda kwa Luo Union, mwaka 1965 ukateremka Mombasa kwa Feisal, na miaka ya 1966 na 1967 ukachukuliwa na Abaluhya. Mwaka 1969 ulirejea Nakuru. Baadhi ya timu zilizotamba enzi hizo zilikuwa na majina ya jamii, na hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1980, serikali ilipoyapiga marufuku majina ya kikabila na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Lakini Nakuru haikuhitaji kuamrishwa. Bingwa wa kwanza wa Kenya huru alijiita kwa jina la mahali.

Hapana shaka kwamba jina peke yake halikinzi panga. Mwaka 1992 watu walifukuzwa katika mashamba ya Molo. Mwezi wa Januari mwaka 1998 ikawa zamu ya Njoro. Januari 2008 moto uliingia Nakuru penyewe na Naivasha, na uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ukageuka kambi ya waliopoteza makao. Katika visa hivyo vyote, maneno waliyoambiwa wahanga yalikuwa yale yale: rudini kwenu. Waliokuwa wakiyatamka walikuwa wakitumia, bila ya kujua, sarufi ile ile ya mtoto wa insha. Walichukua nyumbani ya "ku" wakaifanya silaha dhidi ya watu ambao nyumbani yao ilikuwa "pa". Mtu aliyezoea kusema kwamba hapa tunaishi tu hubaki bila neno la kujitetea siku anapoambiwa aondoke.

Msomaji ataniambia kwamba Nakuru imekuwa na timu kubwa, kwa hiyo haya ya mitaani ni mambo madogo. Kwa miaka mingi Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi, iliutumia uwanja wa Afraha, na mwaka 2010 ilitwaa ubingwa wa nchi kwa mara ya nne. Twaipa heshima yake. Lakini ilikuwa ya Nakuru kwa makao, si kwa uzazi, kwa sababu jeshi ni la nchi nzima. Baadaye timu iliyobeba jina la zamani la All-Stars ilipanda hadi Ligi Kuu. Msimu wa 2014 ilicheza ikiitwa Top Fry AllStars, yaani jina la mafuta ya kupikia, na mwaka 2015 ikaitwa Nakuru AllStars. Mwishoni mwa msimu huo iliteremshwa.

Kisa hicho kinatufunza kwamba kupanda ngazi ni gharama. Timu inayosafiri kwa matatu moja hadi mji jirani hujikuta ikitakiwa kwenda pwani na magharibi, kulala hotelini na kupata uwanja unaokidhi masharti. Mfadhili akija, huja na jina lake. Mfadhili akiondoka, huenda na nauli yake. Isitoshe, viwanja vya mitaa vyenyewe viko hatarini. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kiholela nchini kote. Uwanja wa mtaa ukishapata ua wa mabati na kibao cha mwenyewe, "hapa hapa" ya yule kijana haina pa kukanyaga.

Tangu tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ni jiji. Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, imekabidhi kaunti shughuli za michezo na vifaa vyake. Kwa maoni yangu, wajibu huo hautimizwi kwa kujenga majukwaa katika uwanja mmoja mkubwa ambao wanasiasa nao hupenda kuutumia kwa mikutano yao. Unatimizwa pia kwa kuvipimia viwanja vya Kivumbini, Rhonda, Shabab na Lanet, kuvipatia hatimiliki ya umma, na kutenga nauli ya safari za ugenini kwa timu inayofuzu kupanda, ili isilazimike kuliuza jina lake pamoja na nafasi yake katika ligi.

Sisi walimu nasi tuna sehemu yetu. Wachezaji wa timu hizi hutoka madarasani mwetu, na mara nyingi hatujui hata ratiba ya mechi zao. Tuwapeleke wanafunzi wakazitazame. Tuwape insha ya ripoti ya mechi ya mtaa wao, wataje majina ya wafungaji, ya barabara na ya viwanja. Na tukirudi kwenye ile insha ya kawaida, tuwaeleze bila kumdharau babu yeyote kwamba Kiswahili kinamruhusu mtu kuwa na nyumbani kule na nyumbani hapa kwa wakati mmoja, na kwamba anayeandika juu ya ploti yao ya Kaptembwo hajatoka nje ya mada.