Je, Wajua? Ford Iliyopanda Mlima Kinyumenyume

Ukibahatika kukutana na Ford ya kale pwani ya Tanga, tazama usukani kwanza. Ukiwa kulia, huenda gari hilo la "Kimarekani" halikutoka Marekani. Ford ya Kanada, iliyoanzishwa 1904, ndiyo iliyopewa soko la makoloni ya Mwingereza, na Tanga iliangukia mikononi mwa Mwingereza huyo Julai 1916.

Model T, ya mwaka 1908 hadi 1927, ilikuwa na vituko. Pedali tatu: ya kushoto gia, ya katikati rivasi, ya kulia breki. Dereva wa leo angeligonga ukutani kabla hajatoka uani! Tena haikuwa na pampu ya petroli. Kwa miaka mingi tangi lilikaa chini ya kiti, mafuta yakiteremka yenyewe hadi kwenye injini. Yakipungua, mlima mkali uliinua pua ya gari, petroli isifike, injini ikazima. Dawa yake? Geuza gari, panda kwa rivasi.

Hebu fikiria kona za Mombo hadi Lushoto, taa za mbele zikitazama bondeni. Mimi ningeshuka nitembee.