UZI: "Si lazima, ni hiari." Sawa, lakini nani aliamua ikuje tayari?

Kila mdahalo ukigusa mambo ya dijitali, iwe vishikwambi vya shule au huduma za serikali mtandaoni, lazima mgombea mmoja aseme: "Hiyo sehemu ni hiari, asiyeitaka aizime." Watu wanapiga makofi, tunaenda swali lingine. Mimi nataka tukae hapo kidogo.

Programu ya kompyuta ina sehemu nyingi. Anayeitengeneza ndiye huamua zipi zije zimewekwa tayari na zipi utajitafutia. Kinachokuja tayari kinaitwa chaguo-msingi, na tuseme ukweli, wengi wetu hatukigusi. Ndiyo maana matatu nzima inashika mfuko simu moja ikilia.

Ulaya walijifunza hili kwa gharama. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliiamuru Microsoft itoe Windows isiyo na programu yake ya kuchezea muziki na video. Ikatolewa, karibu hakuna aliyeitaka. Kuanzia 2010 wakajaribu njia nyingine: kompyuta ikuonyeshe vivinjari kadhaa, uchague mwenyewe. Hiyo skrini ikapotea kwa watumiaji wengi wa Windows 7 kwa zaidi ya mwaka, na 2013 Microsoft ikapigwa faini ya euro milioni 561. Kwa skrini moja!

Lakini mfano wangu hasa ni Debian. Huu ni mfumo endeshi wa bure, unatengenezwa na watu wa kujitolea tangu 1993. Wana katiba, wana mkataba wa kijamii, na wanapiga kura (sisi wa sayansi ya siasa tunaisoma kama riwaya). Kipengele cha kwanza cha mkataba: Debian itabaki huria asilimia 100, yaani yeyote aweze kusoma msimbo wake na kuubadilisha.

Sasa shida. Kadi nyingi za Wi-Fi hazishiki bila programu dhibiti kutoka kwa kampuni iliyozitengeneza, na msimbo wa hizo umefungwa. Kwa hivyo Debian iliziacha nje ya toleo rasmi. Hiari, unaona? Unaweka Debian kwa laptopu, Wi-Fi inakataa, na faili ya kuitibu iko kwa intaneti. Utaitoa wapi? Toleo lenye hizo programu lilikuwepo, ila lisilo rasmi, na kulipata kwa tovuti ilikuwa kazi. Asiyeona aliumia zaidi. Yeye husakinisha kwa kusikiliza kompyuta ikimsomea. Kadi ya sauti ikikosa programu yake, ni kimya tu, hata kuanza hawezi.

Waliopinga kubadilisha hawakuwa wakaidi. Walisema ukishaingiza kitu kilichofungwa kwa toleo rasmi, mtumiaji hatajua ameachilia nini, na kampuni hazitakuwa na sababu ya kufungua msimbo. Hiyo ni hoja nzito, na bado iko.

Mwaka 2022 wakapiga kura. Unapanga machaguo kuanzia unalolipenda zaidi, na "hakuna kati ya haya" ni mojawapo. Kugusa mkataba kulihitaji wanaotaka wawe mara tatu ya wasiotaka. Likashinda pendekezo la toleo moja rasmi, programu hizo zikiwa ndani. Debian 12 ya Juni 2023 ikaja hivyo.

Kwangu utamu uko kwa masharti. Zilizofungwa zimetengewa sehemu yake, hazichanganywi na zile huria. Mtumiaji anaambiwa zipi zimetumika. Na asiyezitaka kabisa anaweza kuzizuia kabla usakinishaji haujaanza.

Hapa kwetu sheria imeshaligusa hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 41, inataka ulinzi uwe ndani ya mfumo tangu mwanzo, na kwa chaguo-msingi zichukuliwe tu data zinazohitajika kwa kazi husika. Kwa hivyo mtu akikuambia programu ya serikali inaweza kufuatilia mahali ulipo "lakini ni hiari", hajajibu kitu bado.

Mnaoendesha midahalo, mkiisikia tena "ni hiari" msiiache ipite. Uliza: ikifunguliwa mara ya kwanza, imewashwa au imezimwa? Nani aliamua hivyo, na wapi tunaweza kusoma sababu zake? Na shosho wangu kule kijijini, ambaye hajui hata iko, ataizimaje?