Uokoaji wa data baada ya kosa la patisheni

Uokoaji wa data baada ya kosa la patisheni ni kazi ya kurudisha faili zilizopotea kwenye diski kuu ya kompyuta kwa sababu sehemu za diski hiyo, yaani patisheni, zimefutwa, zimegawanywa upya au zimefomatiwa kimakosa. Kazi hii ni tofauti na kuokoa data kutoka diski iliyoanguka au kuungua. Hapa diski yenyewe ni nzima na inasomeka vizuri, ila kompyuta haijui tena faili zimeanzia wapi. Kwa sababu hiyo data nyingi huweza kurudi, mradi hakuna kitu kipya kilichoandikwa juu yake.

Kosa hili hutokea zaidi mahali ambapo kompyuta moja hubeba kazi nyingi na kupita mikononi mwa mafundi wengi. Mfano ni makazi ya Kibaha, mkoani Pwani, yaliyo kando ya Barabara ya Morogoro, kama vile Kwa Mathias na Maili Moja. Huko, kama katika miji mingi ya Tanzania, steshenari ndiyo ofisi ya mtaa: watu huchapiwa barua za maombi ya kazi, mikataba ya kuuziana viwanja, mitihani ya shule na kadi za harusi. Mara nyingi faili hizo zote hukaa kwenye diski moja bila nakala nyingine. Kompyuta ikianza kuwa nzito, dawa ya kwanza ya fundi ni "kupiga Windows" upya, na ni katika hatua hiyo patisheni za zamani hufutwa.

Diski inavyogawanywa

Diski huhifadhi data katika vipande vidogo vinavyoitwa sekta. Kwa kawaida sekta moja huonekana kwa kompyuta kama baiti 512, ingawa diski mpya nyingi ndani yake hutumia sekta za baiti 4096. Diski inayouzwa kama ya GB 500 huwa na sekta 976,773,168 za baiti 512. Ili mfumo endeshi ujue ni sekta zipi ni za patisheni ipi, diski hubeba jedwali la patisheni.

Jedwali la aina ya MBR lilianza kutumika mwaka 1983 pamoja na PC DOS 2.0. Hukaa kwenye sekta ya kwanza kabisa ya diski na lina nafasi 4 tu, kila moja ya baiti 16. Hivyo ramani nzima ya diski ya GB 500, pamoja na kila kilichomo, inategemea baiti 64. Zikiandikwa vibaya, diski huonekana tupu. Jedwali jipya zaidi, GPT, kwa kawaida lina nafasi 128, na lina faida kubwa kwa mwokoaji: huweka nakala yake ya pili mwishoni mwa diski.

Ndani ya kila patisheni kuna mfumo wa faili, ambao nao hutunza orodha yake ya majina, folda na mahali faili zilipo. Windows hutumia NTFS, flashi nyingi hutumia FAT32 au exFAT, na Linux mara nyingi hutumia ext4. Mifumo hii pia huweka nakala za taarifa zake muhimu. NTFS huweka nakala ya sekta yake ya kwanza kwenye sekta ya mwisho ya patisheni, FAT32 huiweka kwa kawaida kwenye sekta namba 6, na ext4 husambaza nakala za taarifa zake kuu sehemu mbalimbali za patisheni. Programu za uokoaji huzitafuta nakala hizo.

Kufuta patisheni ni sawa na kung'oa bikoni za viwanja. Mipaka haionekani tena, lakini nyumba ziko palepale.

Jinsi kosa linavyotokea

Njia ya kawaida ni ile ya kupiga Windows. Skrini ya kusakinisha huonyesha orodha ya patisheni kwa namba na ukubwa, bila herufi C na D ambazo mtumiaji amezizoea. Fundi mwenye haraka hufuta zote na kuunda moja, akidhani kazi za mteja zipo kwenye flashi.

Njia ya pili ni kuweka Linux pembeni ya Windows. Linux ina historia yake Tanzania: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na hadi mwaka 2011 mtu yeyote aliweza kuagiza CD za Ubuntu na kuletewa kwa posta bila malipo. Programu ya kusakinisha huuliza kama iwekwe pamoja na mfumo uliopo au itumie diski nzima. Jibu la pili huondoa kila patisheni.

Wapo pia wanaoandaa flashi ya kusakinishia kwa amri ya dd ya Linux au diskpart ya Windows, wakataja diski ya ndani badala ya flashi. Amri ya "clean" katika diskpart hufuta jedwali la patisheni kwa sekunde chache, likiwa GPT pamoja na nakala yake ya mwishoni, lakini sehemu kubwa ya diski haiguswi. "Clean all" ni jambo jingine kabisa: huandika sifuri kwenye kila sekta. Amri ya dd iliyoelekezwa vibaya huharibu mwanzo wa diski kwa kiasi kile kilichoandikwa, tuseme GB 4, na kuacha kinachofuata. Katika hali hiyo nakala ya GPT iliyo mwishoni huwa bado nzima, na programu ya gdisk, iliyoandikwa na Roderick W. Smith, huweza kujenga jedwali upya kutokana nayo.

Kosa baya kuliko yote si kufuta bali ni kukatika kwa umeme wakati patisheni inasogezwa. Programu kama GParted ikihamisha mwanzo wa patisheni, hulazimika kuhamisha data zenyewe, sekta kwa sekta, kwa saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, sehemu ya data inakuwa mahali papya na sehemu nyingine pa zamani, wala hakuna jedwali moja linaloeleza hali hiyo. Mfano wa bikoni haufai tena hapa, maana nyumba zenyewe zimehamishwa nusu.

Kufomati nako kuna aina mbili. Kufomati kwa haraka huandika orodha mpya tupu ya mfumo wa faili na kuacha karibu kila kitu kingine. Kufomati kikamilifu, tangu Windows Vista, huandika sifuri kwenye patisheni yote, na baada yake hakuna programu inayoweza kusaidia.

Mfano

Tuseme diski ya GB 500 ya steshenari ilikuwa na C ya GB 100 yenye Windows na D yenye kazi zote za wateja. Fundi amefuta zote mbili, ameunda patisheni moja na kusakinisha Windows upya. Mfumo mpya umechukua takriban GB 25, na sehemu kubwa yake imeandikwa kuelekea mwanzo wa diski, mahali palipokuwa C. Kwa hiyo faili zilizokuwa kwenye Desktop na Documents, ambazo kwa kawaida huwa ndani ya C, ziko katika hatari kubwa. Zile za D bado zina nafasi nzuri, kwa kuwa D ilianza mbali, na orodha yake ya faili, ambayo Windows kwa kawaida huiweka karibu GB 3 ndani ya patisheni, bado haijafikiwa.

Hali inabadilika kompyuta ikirudishwa kazini. Masasisho ya Windows, programu za ofisi, antivairasi na nyimbo zitakazoingizwa wiki hiyo vyote hutafuta nafasi tupu, na kwa mfumo mpya eneo lote lililokuwa D ni nafasi tupu. Mteja anayegundua baada ya mwezi kwamba mkataba wake haupo ana nafasi ndogo kuliko aliyegundua siku ileile.

Hatua za uokoaji

Hatua ya kwanza ni kuzima kompyuta. Diski hutolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine, au kompyuta huwashwa kwa flashi yenye Linux. Programu ya uokoaji haisakinishwi kamwe kwenye diski inayookolewa, wala faili zilizookolewa hazihifadhiwi humo. Windows ikiuliza kama diski ifomatiwe kabla ya kutumiwa, jibu ni hapana. Amri ya chkdsk nayo iepukwe: kazi yake ni kuufanya mfumo wa faili uwe sawasawa, na kwa ajili hiyo iko tayari kuondoa kumbukumbu zisizoelewana.

Hatua ya pili ni kunakili diski nzima, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. Ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, kwa kuwa diski ya pili ni gharama na mteja anataka majibu leo. Lakini bila nakala, kila jaribio hufanywa kwenye kitu halisi. Kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, GB 500 huchukua kama saa moja na nusu. Kupitia USB 2.0, kwa MB 30 kwa sekunde, ni zaidi ya saa nne na nusu. Programu ya GNU ddrescue ya Antonio Diaz Diaz inafaa sana mahali penye umeme wa wasiwasi, kwa sababu huandika ramani ya sekta zilizokwisha kunakiliwa. Umeme ukirudi, kazi huendelea pale ilipoishia. Ramani hiyo ihifadhiwe kwenye diski ya tatu au flashi, si kwenye diski inayosomwa.

Baada ya hapo hutumiwa TestDisk, programu huria ya Mfaransa Christophe Grenier. Huchunguza diski ikitafuta alama za mwanzo na mwisho za patisheni zilizokuwepo, kisha huonyesha orodha ya ilizozipata. Jambo la muhimu ni kufungua orodha ya faili za kila patisheni kwa herufi P kabla ya kukubali chochote. Majina ya folda yakionekana kama yalivyokuwa, patisheni ndiyo yenyewe. Diski iliyogawanywa mara nyingi huwa na mabaki ya patisheni za miaka iliyopita, na baadhi hupishana, kwa hiyo kuchagua ya kwanza iliyotokea ni kubahatisha. Mtu anaweza kunakili faili kutoka ndani ya TestDisk bila kuandika jedwali jipya, na njia hiyo ndiyo salama zaidi.

Orodha ya mfumo wa faili ikiwa imeharibika, hubaki kutafuta faili kwa alama zake. Picha ya JPEG huanza kwa baiti FF D8 FF, na hati ya PDF huanza kwa herufi %PDF. PhotoRec, ya Grenier huyohuyo, husoma diski yote ikitafuta alama kama hizo. Ubaya wake ni kwamba majina na folda hupotea: steshenari inaweza kupata maelfu ya hati zenye majina ya namba, na mtu akalazimika kuzifungua moja moja. Faili zilizokuwa zimetawanyika vipande vipande hutoka zikiwa zimekatika, na video kubwa za harusi huathirika zaidi ya barua za kurasa mbili.

Diski za SSD na diski zilizosimbwa

Maelezo ya hapo juu yanahusu hasa diski za sumaku. Diski za SSD hupokea amri ya TRIM, ambayo Windows imeitumia tangu Windows 7 ya mwaka 2009. Amri hiyo huiambia SSD kwamba sekta fulani hazihitajiki tena, nayo huzisafisha kwa wakati wake. Kufomati SSD, hata kwa haraka, huweza kutuma TRIM kwa patisheni nzima, na baada ya hapo sekta husomeka kama sifuri. Fundi aliyefanikiwa mara nyingi kwenye diski za sumaku anaweza kushangaa kukuta SSD haina kitu dakika chache tu baada ya kosa.

Kwa diski iliyosimbwa kwa LUKS, ufunguo wa kusimbua hutunzwa mwanzoni mwa patisheni. Sehemu hiyo ikiandikwa juu bila kuwa na nakala mahali pengine, nywila sahihi haisaidii kitu. BitLocker ya Windows huweka nakala 3 za taarifa zake ndani ya patisheni, lakini bado huhitaji nywila au ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, ambao wamiliki wengi hawajui walikouhifadhi.

Siri za watu

Programu ya uokoaji haichagui cha kurudisha. Diski ya steshenari hutoa vitambulisho vilivyoskaniwa, vyeti na barua za watu wasiojua kwamba nakala zao zilibaki, na kompyuta ya mtumba hutoa picha za mmiliki wa nchi nyingine. Nchini Tanzania taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayeuza kompyuta yake asitegemee kufuta patisheni wala kufomati kwa haraka. Kwa diski ya sumaku, kufomati kikamilifu au "clean all" ndiko kunakoondoa yaliyomo.