Kujihini chakula si maringo, figo ni shahidi

Mwalimu mmoja wa shule ya upili aliniandikia majuzi akiomba nimsaidie kwa neno. Alikuwa akitayarisha mazungumzo mafupi ya chama cha afya shuleni mwake, naye alitaka kuwaeleza wanafunzi juu ya maradhi ambayo matabibu huyaita anoreksia na bulimia. Alikuwa amepekua kamusi asiambulie kitu. Kwa hakika, hakuna neno moja la Kiswahili ambalo sote tumelikubali. Lakini jamii isiyo na jina la ugonjwa haikosi kuuona. Huuona na kuupachika jina la kitu kingine. Hapa kwetu msichana anayekataa chakula husemwa kuwa ana maringo. Anayetapika baada ya mlo hushukiwa kuwa mja mzito. Anayezirai gwarideni hupewa dawa za malaria au za vidonda vya tumbo, akarudishwa darasani. Wakati huo wote kuna kiungo kinachoumia kimyakimya, nacho ni figo.

Majina ya kigeni yenyewe hayatufai sana. Anoreksia ni neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kukosa hamu ya chakula. Daktari William Gull wa London ndiye aliyelipa nafasi katika utabibu katika miaka ya 1870, wakati ule ule ambapo Mfaransa Charles Lasègue alikuwa akiieleza hali hiyo hiyo mjini Paris. Jina hilo lina kasoro, kwa sababu mgonjwa aghalabu ana njaa kali mno. Hamu anayo, ila amejifunza kuishinda kwa kuogopa kunenepa, hata anapobaki mifupa mitupu. Bulimia nayo maana yake ni njaa ya ng'ombe. Gerald Russell aliieleza kama ugonjwa wa pekee mwaka 1979: mtu hula chakula kingi mno kwa muda mfupi, kisha hofu ikamwingia, akajitapisha au akanywa haluli ili akitoe.

Katika Kiswahili twaweza kusema kujihini na kujitapisha. Ni vitenzi vizuri, lakini msomaji atazame kile kiambishi -ji-. Kinamfanya mtu awe mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja, kana kwamba ameketi akaamua. Maradhi mengine tunayasema kwa namna tofauti kabisa: mtu hushikwa na homa, hupatwa na kifafa, huugua pumu. Hakuna anayemuuliza mwenye pumu mbona hapumui vizuri. Kwa sababu ya -ji- hiyo tunamgombeza mgonjwa badala ya kumpeleka hospitali. Kwa hiyo nilimshauri mwalimu yule aseme "kuugua ugonjwa wa kujihini", maadamu neno kuugua linaturudisha mahali panapostahili. Wala ugonjwa huu usichanganywe na saumu. Mfungo una mpaka wake. Jua likitua mtu hufuturu pamoja na jamaa zake. Anayejihini hana magharibi.

Sasa tuziangalie figo, ambazo kamusi zetu huziita pia nso au buki. Kila moja ina ukubwa wa ngumi. Kwa siku moja hizo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu, kisha zikayarudisha karibu yote mwilini, zikatoa lita moja na nusu hivi kuwa mkojo. Kazi yao kubwa basi ni kuchagua: kipi kibaki na kipi kiende. Zinapima maji, chumvi, asidi na madini saa ishirini na nne.

Anayejitapisha huivuruga hesabu hiyo. Kwanza hupoteza maji na chumvi. Pili hupoteza asidi ya tumboni, na damu ikaelemea upande wa alkali. Mwili ukihisi kwamba maji yamepungua, tezi zilizokaa juu ya figo hutoa homoni iitwayo aldosteroni, ambayo huziamrisha figo kuishikilia sodiamu kwa nguvu zote. Gharama ya kuishikilia sodiamu ni kuitupa potasiamu. Wengi hudhani kwamba potasiamu hupotelea katika matapishi, kumbe sehemu kubwa hupotea kwa njia ya mkojo, kwa amri ya mwili wenyewe unaojaribu kujiokoa. Anayetumia haluli au sanamaki kila siku huipoteza kwa kuharisha pia, na anayekunywa vidonge vya kukojoza huongeza hasara juu ya hasara.

Kiwango cha kawaida cha potasiamu katika damu ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Ikishuka sana misuli hulegea, miguu hushikwa na mkakamao, na moyo huweza kupiga ovyo hata ukasimama. Hiyo ndiyo hatari ya leo. Hatari ya kesho ni ya figo zenyewe. Potasiamu ikikaa chini kwa miaka, vijifereji vya ndani ya figo huharibika na kuingia makovu, na figo hupoteza uwezo wa kuukoleza mkojo. Mgonjwa hunywa maji kila mara na kuamka usiku kwenda msalani, watu wakadhani ana kisukari. Vijiwe navyo hupata nafasi ya kufanyika katika mwili uliokaukiwa maji. Wako walioendelea hivyo hadi figo zikashindwa kabisa, wakawa watu wa kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki.

Lipo jambo moja ambalo mimi, kama mtu wa isimu, limenivutia kuliko yote. Daktari akitaka kujua hali ya figo, hupima katika damu taka iitwayo kreatinini. Ikipanda, figo zimezembea. Lakini kreatinini hutokana na misuli, na aliyejihini kwa muda mrefu misuli yake imekwisha. Hutoa kreatinini kidogo mno, kiasi kwamba figo zake zaweza kuwa zimepoteza sehemu kubwa ya nguvu ilhali karatasi ya maabara inaonyesha nambari ya kawaida. Nambari ni kama neno, haina maana nje ya muktadha. Mwenye kuisoma bila ya kumtazama mtu aliyeitoa atamwambia mzazi kwamba mtoto ni mzima. Kipo kipimo kingine, cha sistatini C, ambacho hakitegemei sana misuli. Lakini hakiwezi kuagizwa na daktari asiyeambiwa kwamba mgonjwa hali chakula.

Najua jibu nitakalopewa na baadhi ya walimu wenzangu: haya ni maradhi ya Wazungu. Visiwani Fiji, mahali ambapo mwili mnene ulikuwa fahari, mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule wa mkoa wa Nadroga mwaka 1995, wiki chache tu baada ya televisheni kuingia. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili apunguze uzito. Aliporudi mwaka 1998, asilimia 11.3 ya waliohojiwa walisema hufanya hivyo. Na sisi je? Katika miaka ya 1980 na 1990 "umekonda" lilikuwa neno la kutisha, kwani Ukimwi wenyewe uliitwa Slim nchini Uganda. Leo nasikia wanafunzi wakiambiana "umekonda" na anayeambiwa akashukuru. Neno ni lile lile, ila limehama kutoka matangani hadi harusini, na hakuna aliyeliaga.

Mwalimu wa zamu ana nafasi ya kuona ambayo mzazi hana. Atamwona anayekwenda msalani mara tu baada ya kila mlo, aliyevimba mashavu chini ya masikio, mwenye alama juu ya vifundo vya vidole kwa sababu ya kuvitia kooni, anayenywa maji mengi kabla ya kupimwa uzito. Mtoto huyo asiitwe mbele ya wenzake. Apelekwe hospitali, na barua ya mwalimu iyataje aliyoyaona, ili chumvi za damu zipimwe siku hiyo hiyo. Wala asishindiliwe chakula kwa nguvu siku ya kwanza, kwa kuwa mwili uliozoea njaa ukilishwa ghafla fosfati huporomoka katika damu, na mtu aweza kufa akiwa anashiba.

Kisha aambiwe mapema, kabla halijamfika, kwamba akiacha kutapika na haluli miguu yake huenda ikavimba kwa wiki kadhaa. Ile aldosteroni huwa bado iko juu, figo zingali zinashikilia chumvi na maji. Asiyejua hutazama miguu ile akasema amenenepa, akarudia dawa zake usiku huo huo. Hayo ni maji, nayo yatakwisha.